Furukombe Mezani

Mwamvita, muuza vitumbua wa Ng'ambo, Tabora, hakuwahi kupanda meli hadi binti yake Shamila, anayefanya kazi Mwanza, alipomkatia tiketi ya kutembelea visiwa vya Ziwa Viktoria. Meli ilikuwa ndogo, abiria wachache. Waliahidiwa viboko, mamba na furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki.

Viboko waliwaona asubuhi, na Mwamvita akafurahi. Kisha Octavian, mwongoza wageni, akaleta ndoo ya sato wadogo walioanza kunuka. Akampasua mmoja tumbo, akamshindilia kipande cha sponji la godoro, akapiga mluzi na kumtupa majini. Samaki akaelea. Furukombe akashuka kutoka mtini, akamnyakua, akapaa naye huku simu zote zikimfuata. Watu wakapiga makofi, Shamila naye.

"Na lile sponji?" Mwamvita akauliza.

"Bila sponji samaki anazama, mama. Ndege haji, na wageni wanataka picha."

"Nauliza likishaingia tumboni."

Octavian akacheka, akachukua samaki mwingine. Maji ya damu yalimchuruzika vidoleni. Mwamvita akageukia upande wa pili.

"Mama, usituharibie siku," Shamila akamnong'oneza.

Mchana walishuka kwenye kisiwa kidogo kula. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kivulini. Mwamvita alisogea kando atafute pa kutawadha, harufu ikamfikia. Nyuma ya mawe alilala furukombe aliyekufa, funza wakimtembea machoni, kifua kimepasuka. Ndani, katikati ya uozo, sponji lilikuwa limejibana donge kwa donge, la manjano, likitoka usaha.

Akatapika. Alipomaliza, alifungua kitenge alichojitanda juu ya gauni, akamfunga ndege ndani yake, akarudi naye akimshika mbali na mwili. Akamweka mezani, kati ya wali na kuku, akafungua.

Mwanamke mmoja alikimbilia ufukweni ameziba mdomo. Octavian akafoka kwamba chakula cha watu kimenajisiwa.

"Umewaonyesha anavyokula," Mwamvita akasema. "Waonyeshe na hivi."

Hakuna aliyekula. Walipokuwa wakirudi, Octavian aliishika tena ile ndoo, lakini abiria mmoja akamwambia aiache, akaiacha. Shamila alikaa peke yake mbele ya meli. Hakumsemesha mama yake hadi alipompandisha treni ya Tabora, na hata hapo alimtakia safari njema tu.

Wiki iliyofuata akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Zile picha nimezifuta."

"Marahaba. Na meli?"

"Inaendelea na safari. Niliwauliza kama wameacha sponji, hawakunijibu."

 Mwamvita alikuwa ameinawa mikono kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa majivu, na bado asubuhi hiyo, akikoroga unga, alivionea kinyaa vidole vyake mwenyewe.

"Waulize tena," akasema.