Springi Alizoacha Mume

Mume alipomwacha Mama Usukani baada ya miaka ishirini na miwili, alimwachia gari. Si kwa huruma. Mwanamke aliyemfuata mume alikuwa na lake, jipya. Lile kuukuu mume alikuwa amelifungisha springi nene za kubebea mizigo, zikashindiliwa vipande vya mpira katikati, ili lisimame juu watu walione. Kila tuta likawa linapanda mgongoni.

Mama Usukani hakulalamika. Kutikiswa alishakuzoea. Lakini mama yake, mwenye nyonga mbovu, aliporudi nalo kutoka kliniki mara ya tatu alisema, "Siendi tena. Heri niozee kitandani." Na daktari alishawaambia: akiacha mazoezi ya kule kliniki, hatasimama tena.

Kesho yake Mama Usukani akaenda gereji. Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na ndiye aliyezifunga zile springi.

"Hizi ni imara, shemeji," alisema. "Nyembamba zitalilaza gari chini. Hutajisikia vibaya?"

"Aliyetaka kusimama juu yuko wapi?"

Fundi akamtolea maboksi ya springi.

Mama Usukani hakujua kusoma yaliyoandikwa kwenye maboksi, wala hakuuliza. Alijaza maji beseni, akamkalisha fundi kiti cha nyuma, akampakatisha beseni. Wakaipita barabara ya mashimo. Waliporudi suruali ya fundi ilikuwa chapachapa, na wenzake wakamuuliza kama anahitaji nepi.

"Hayo ndiyo anayoyapata mama yangu," alisema Mama Usukani. "Sasa nifungie zile nyembamba. Na mpira wako utoe."

Jioni wakarudia njia ile ile, beseni lile lile. Safari hii maji yalimwagika kidogo tu, kwenye tuta la mwisho. Gari kweli lilikuwa limeshuka, na fundi alilitazama kama anayetazama maiti.

"Kaka akiliona hivi..."

"Alitazame akiwa ndani ya lile la mwenzake."

Siku ya kliniki mama yake aliingia garini akiwa ameshafumba macho, mikono yote miwili imeng'ang'ania mlango. Kwenye mashimo akafumbua jicho moja.

"Leo huna hasira, mwanangu."

"Ninazo."

"Basi gari ndilo halina."

Mama Usukani alibadili gia polepole. Walipomaliza mazoezi, mama yake mwenyewe ndiye aliyemuuliza nesi, "Wiki ijayo nije saa ngapi?"