Siku Shangazi Alipoyakung'uta Maneno

Kwa shangazi yangu, kushona nguo nyeusi kulikuwa vita. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, baada ya ghala la viti vibovu, na taa yake moja ilimulika kila kitu isipokuwa sindano. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi! Mara nyingi alishona kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Macho yakaanza kumwasha na kutoa machozi, hata daktari akamwambia waziwazi, "Mama, tafuta mwanga au tafuta kazi nyingine."

Kwa hiyo kinyozi wa chumba cha mbele alipohama, shangazi hakusubiri vumbi litulie. Chumba kile kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara, na jua liliingia humo kila asubuhi bila kubisha hodi. Alitoka na kitambaa cheusi cha koti begani na chaki mkononi, akapanda ngazi mbio kwenda kwa mwenye jengo, nami nyuma yake. Mwenye jengo alikuwa mama mchangamfu tuliyemwita Bi Funguo, kwa sababu funguo zake zilisikika kabla yeye hajaonekana.

Tukamkuta fundi simu amekwisha kufika. Huyu jina lake kwetu lilikuwa Bisibisi. Alifanyia kazi chini ya ngazi, kwenye kimeza kidogo.

"Nimekuja kwa ajili ya kile chumba," shangazi alisema, akihema.

"Chumba chukua, dada. Mimi niachie dirisha tu," Bisibisi alidakia.

"Acha maskhara! Wewe skrubu zako unazifungua hata ukiwa umefumba macho."

"Na miguu yangu je? Imekanyagwa na wapita ngazi mpaka inajua saizi ya viatu vya jengo zima."

Bi Funguo alicheka, lakini hakujua ampe nani. Wote wawili walikuwa wapangaji wazuri, na kumpa mmoja kungekuwa kumkosea mwingine. Lakini mama huyu alikuwa na ugonjwa wake: michezo ya maneno ya magazetini. Ghafla macho yakamng'aa.

"Tucheze!" alisema. "Nataka maneno ya Kiingereza ya herufi tano. Ndani yake herufi O, U, N na D zifuatane hivyohivyo, bila kuachana. Naweka birika jikoni. Likilia, basi. Mwenye maneno mengi anachukua chumba, na aliyeshindwa asininunie."

Nilitaka kumnong'oneza shangazi neno, lakini Bi Funguo alininyooshea ufunguo. "Wewe uliyetoka chuo juzi, kaa pale. Mdomo ufunge kama kopo."

Hata hivyo shangazi hakuwa mgeni wa michezo hiyo. Karatasi zake za kukatia nguo zilikuwa magazeti ya zamani, na mara nyingi mchezo wa maneno ulimtokea mgongoni mwa shati au kwenye nusu ya mkono. Aliufumbua huku mkasi unakwenda. Sasa alikitandaza kitambaa cheusi mezani, akashika chaki.

"O, U, N, D ni mwili wa shati," alijisemea. "Mwili haubadiliki. Ninabadilisha kola tu."

Nilielewa, nikataka kuruka! Alikuwa anachukua herufi moja moja tangu mwanzo wa alfabeti, anaishonea mbele ya mwili ule, na kama inakaa vizuri anaandika. A haikukaa. B ikakaa. Bisibisi yeye alikuwa akikuna kichwa, anaandika, anatazama dari, anaandika tena. Birika likaanza kunung'unika. Mistari myeupe iliongezeka juu ya kitambaa. Kisha birika likapiga yowe.

"Basi!" alisema Bi Funguo, akafungua kamusi yake. "Bisibisi, soma."

"Found. Sound. Round. Pound. Bound. Mound. Wound. Na la nane, dound."

"Dound ndiyo nini?"

"Mama, ni ule mlio wa simu ikidondoka kwenye sakafu."

"Kwenye kamusi haijadondoka. Saba! Fundi cherehani, lete."

Hapo shangazi akafanya kile ambacho mikono yake imekifanya maisha yote kabla ya kumkabidhi mteja nguo. Alikishika kitambaa kwenye ncha mbili, akakikung'uta kwa nguvu, pa! pa!, akakipangusa kwa kiganja, akakikunja vizuri na kukitoa kwa mikono miwili.

"Tayari, mama."

Wingu la chaki lilielea katikati ya chumba. Bi Funguo alikikunjua kitambaa. Kilikuwa cheusi tii.

"Haya ni maneno au mavumbi?" aliuliza Bisibisi, na kicheko kikamkaba.

Shangazi alishika kichwa. "Mungu wangu! Mikono hii, mikono hii!"

Nilidhani dirisha limekwenda. Bi Funguo alifikiri, funguo zikilia kiunoni. "Mimi niliomba maneno, sikuomba maandishi. Yaseme. Lakini ukirudia moja, au ukitaja lisilokuwemo kwenye kamusi, chumba ni cha mwenzako."

Shangazi alinyooka. Hakujaribu kukumbuka alichoandika, alianza kushona upya. Alishika kola ya gauni lake na kufumba macho, midomo ikitembea kimyakimya juu ya herufi.

"Bound... found... hound."

"Hound!" Bisibisi alijipiga paja. "Mbwa wa kuwinda! Nimemsahau vipi?"

"Mound... pound... round... sound."

Saba. Sare! Midomo ikaendelea kutembea bila sauti. Nilihesabu naye moyoni: T haikai. U haikai. V haikai.

"Anasita huyo!" alisema Bisibisi.

"Tulia, kaka, navuta uzi." Akafumbua macho. "Wound!"

Kelele niliyoipiga iliwatoa wapangaji wengine milangoni. Bi Funguo alichomoa ufunguo wa mbele na kumwekea shangazi kiganjani. Bisibisi alimtazama, akavuta pumzi ndefu, akakunja mikono ya shati.

"Haya, mshindi, hiyo cherehani ina mguu wa chuma. Utaibeba na nani?"

Tuliibeba watatu, tukigonga kila kona. Ilikuwa bado haijatua vizuri chini ya dirisha wakati bwana mmoja alipochungulia kutoka barabarani, akipapasa kidevu.

"Samahani, hapa si kwa kinyozi?"

"Kinyozi kahama, kaka," shangazi alijibu, futi tayari imemning'inia shingoni. "Lakini hilo koti lako limekubana mabega, nakuona kutoka huku. Ingia, nikupime."