Kamati Ndogo ya Ushindi

Watanzania wawili wakikutana Toronto huulizana habari za nyumbani. Wakifika watatu wanaunda kamati. Sisi tulikuwa wanne, mmoja wetu Mkenya, kwa hiyo ilibidi tuunde kamati yenye katiba. Lengo lake, kwa mujibu wa ibara ya kwanza, lilikuwa kuendeleza mchezo wa pikipiki za theluji miongoni mwa wanachama. Kwa asiyeijua, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina vyuma viwili vya kuteleza, chini ina mkanda wa mpira unaoisukuma, na juu yake anakaa mtu mzima mwenye familia anayejiuliza amefikaje pale.

Mwenyekiti alikuwa yule Mkenya, dereva wa basi anayeishi Mount Dennis. Katibu alikuwa dada wa Dodoma, muuguzi, ambaye alitushinda kila Jumamosi bila hata kutupa pole. Mimi nilikuwa mjumbe. Mjumbe mwingine alikuwa rafiki yangu, mtu wa Iringa, niliyebeba naye maboksi kwenye ghala moja Rexdale kwa miaka sita. Wengine wakisema wanabeba boksi Ulaya wanamaanisha kazi yoyote ngumu. Sisi tulibeba maboksi.

Pikipiki zetu nne, kuukuu zote, zililala kwenye gereji ya mzee mmoja wa Thornhill, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili kisafi kuliko chetu sote. Kwa kuwa gereji ilikuwa yake na tela pia lake, tulimfanya mgeni rasmi wa kudumu. Mtu anakuwaje mgeni wa pikipiki zinazolala kwake? Usiniulize mimi. Itifaki ilizingatiwa.

Basi kila Jumamosi tuliendesha saa moja na nusu kwenda kaskazini, kwenye ziwa lililoganda, tukashusha pikipiki, tukazipanga mstari mmoja, kisha tukasimama kwenye baridi ya kukata masikio kusikiliza risala. Baada ya risala alisimama mgeni rasmi kuijibu. Wazungu waliokuwa wakivua samaki kwenye matundu ya barafu walitutazama kimya, nadhani walidhani ni ibada. Injini zilinguruma muda wote huo, maana zikizimwa haziwaki tena kirahisi. Nusu ya mafuta yetu ya msimu mzima iliishia kwenye hotuba.

Rafiki yangu hakuwahi kushinda hata mara moja. Aliendesha kana kwamba amepakia trei ya mayai. Akikaribia ufito tuliousimika barafuni kuwa alama ya kugeuzia, aliachia mafuta kabisa, akageuka taratibu na kwa adabu, wakati sisi tumeshafika na tunakunywa chai ya chupa.

Kisha ikaja barua. Ombi lake la kubaki Kanada lilikuwa limekataliwa, safari hii moja kwa moja, na alipewa wiki chache aondoke. Alinionyesha wakati wa mapumziko pale ghalani, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. "Angalau ningeshinda mara moja, kaka," akasema. "Nikaondoka na kitu." Akacheka. Mimi sikuweza.

Hapo nikafanya kosa. Jambo la mtu mmoja na moyo wake nikalipeleka kwenye kamati.

Kikao kilifanyika kwa simu, bila yeye. Tuliunda kamati ndogo ya watu watatu, yaani sisi watatu walewale, tukaazimia kwamba Jumamosi yake ya mwisho tumwachie ashinde. "Lakini isionekane, buda," mwenyekiti akanionya. "Jamaa si fala." Katibu akasema yeye ndiye atakayeumia zaidi, kwa kuwa kwenda polepole hajawahi kujifunza. Tukafunga kikao tukiwa tumejiridhisha sana na wema wetu.

Katibu, kwa uadilifu wake, aliandika muhtasari. Waliohudhuria, wasiohudhuria, yatokanayo, ajenda namba tatu: kushindwa kwa makusudi. Akautuma kwenye grupu. Grupu lenyewe lilikuwa la wanachama wote wanne. Aliufuta baada ya dakika mbili, tukafanya kikao cha dharura, na tukakubaliana kwamba rafiki yangu hakuuona. Tulipiga hata kura.

Jumamosi ikafika. Risala ilikuwa ndefu kuliko zote, yenye kuaga na kushukuru. Mgeni rasmi akashusha kanga ya mkewe, ndiyo bendera yetu, tukaondoka. Rafiki yangu akatangulia. Sisi tukamfuata kwa mwendo wa msafara wa bibi harusi. Akapunguza mwendo, tukapunguza. Akapunguza zaidi, tukapunguza zaidi. Tulizunguka ufito, tukarudi, na hatua ishirini kabla ya mstari akasimama kabisa. Na sisi tukasimama. Mgeni rasmi akabaki ameinua kanga juu.

"Pita," rafiki yangu akaniambia.

"Hapana, tangulia wewe."

"Pita wewe, ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uko mbele, bwana."

Akavua helmeti. "Ndugu wajumbe," akasema, "ajenda namba tatu niliisoma. Imeandikwa vizuri sana." Akatutazama mmoja mmoja. "Miaka sita nchi hii inaniambia hapana. Nimezoea, naimudu. Sasa nyinyi ndio mnataka kunipa ndiyo ya uongo?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Katibu aligeuka pembeni akalia. Mwenyekiti alitaka kusema neno, lakini pikipiki yake ikazima papo hapo. Mafuta yalikuwa yamekwisha, yote yamekwenda kwenye risala.

Mzee wa Tanga akashusha mkono wake. "Wanangu, rudini mwanzo," akasema. "Leo mimi sina la kuongeza."

Tulirudi wawili tu, mimi na rafiki yangu; katibu alibaki na mwenyekiti. Kanga iliposhuka aliondoka kama mtu nisiyemjua. Kwenye ufito hakuachia mafuta. Aliegemea upande mmoja hadi goti likakwangua barafu, akatoka mbele yangu. Nikamfikia. Tukarudi sambamba, bega kwa bega, na mkono wangu wa kulia ulikuwa na kazi moja tu, kidole gumba kubonyeza mafuta. Ningekiinua kidogo, pengine angeondoka na ushindi wake. Hapangekuwa na muhtasari wala shahidi. Sijawahi kutamani kushindwa namna ile.

Sikukiinua. Nilimshinda kwa nusu ya pikipiki.

Alishuka, akapiga theluji ngumi, akanitukana matusi ambayo mzee wa Tanga aliyasikiliza huku akitazama mbali kiungwana. Kisha akanikamata shingo, akanikumbatia kwa nguvu, helmeti zikigongana. Alikuwa anacheka, na safari hii alikuwa anacheka kweli.

"Jumamosi ijayo nakuchapa," akasema. "Saa ileile."

Ndege yake ilikuwa Jumatano. Nikamwambia asichelewe.