Chumvi ya Uvinza kwenye Tangi la Monika

Naisimulia habari hii kwa aibu, na wanajumuiya wenzangu wa sala wa Cheyo, hapa Tabora, waliokuwepo wanisahihishe nikijipendelea.

Binti yangu Monika, ninayeishi kwake tangu nistaafu, ana tangi la kioo sebuleni, la samaki wa baharini. Alilianzisha marehemu mumewe, mtu wa Tanga, akaacha humo samaki wawili wa rangi ya chungwa. Mume akaenda, samaki wakabaki, na kila jioni Monika huwalisha huku akiwasimulia mambo ya kazini (mimi hujifanya nasikiliza redio).

Siku ile matumbawe mapya yalifika kwa basi kutoka Dar, kila kipande ndani ya mfuko wake wa maji, naye yuko zamu hospitali. Akanipigia: "Baba, mifuko iache ielee kwenye ile ndoo ya maji ya chumvi niliyoandaa. Usiifungue. Lazima kwanza yakae huko nione kama hayana wadudu."

Ningeishia hapo. Lakini jioni hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu, na mwenyekiti wetu, Mama Kulwa, alipochungulia ndoo akasema, "Mzee Mathias, umeagiza mawe Dar? Ya Tabora yameisha?" Watu wakacheka, basi nami nikaanza kuwafundisha kwamba hivi ni viumbe hai, na kwa kuwa kwetu mgeni aliyetoka safari hupewa maji anawe kabla ya kuingia ndani, nikaifungua mifuko, nikayasuuza matumbawe kwa maji ya bomba, nikayatumbukiza tangini polepole, mbele ya macho yao, kama padre anayebatiza.

Yakajikunja. Yakatoa ute mzito, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele, na samaki wakapanda juu wakihema. Mtu mwenye akili angepiga simu hapo hapo. Mimi niliona haya kuulizia mbele ya wageni jambo ambalo nimetoka kuwafundisha, nikasema kwa sauti ya mtaalamu kuwa maji ya bomba yamepunguza chumvi, na Mama Kulwa, kwa nia njema kabisa, akadakia, "Si kuna ya Uvinza jikoni? Babu zetu waliibeba kichwani mpaka hapa, itashindwa na samaki?"

Nikamwaga pakiti nzima.

Samaki mmoja alizunguka kidogo akalala ubavu. Mwenzake akaenda akamgusagusa kwa mdomo, kisha naye akalegea. Tukabaki tunawatazama, rozari mikononi.

Monika akaingia. "Shikamooni," akasema, halafu akaliona tangi. Akapiga magoti mbele ya kioo, bado na sare yake ya kazi.

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Baba, si ungenipigia tu?" akaniuliza taratibu. "Simu ulikuwa nayo."

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu, na watu wote walikuwa wanaiona.

Zamu ya kuongoza sala ilikuwa yangu. Nilianza nikachanganya maneno, ikabidi aongoze Monika, na kwenye kuwaombea marehemu alimtaja mumewe.

Hajanigombeza mpaka leo, na afadhali angenigombeza. Siku hizi nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata mbele ya wageni, hata mbele ya Mama Kulwa. Juzi Monika ameniambia kuwa ameagiza samaki na matumbawe mengine. Nimemwomba yafike siku ambayo yeye yupo nyumbani, na mimi nipo Isikizya kwa mdogo wangu.