Mkojo Unaoganda

Kila asubuhi kabla ya chai, shangazi Anjelina alichemsha mikojo ya wagonjwa juu ya taa ya spiriti. Ilikuwa mwaka 1993, katika zahanati mpya ya binafsi mjini Lindi. Mkojo wenye protini, dalili ya figo kuugua, ukichemshwa huganda kama ute wa yai.

"Anjelina, supu imeiva?" mwenye zahanati alimkejeli. Yeye aliamini vijiti vyake vya kupimia mkojo, ingawa vilishaharibiwa na unyevu.

Mkojo wa mzee Valentini wa Nyangamara uliganda zaidi kila mwezi. Figo zilikuwa zinakwisha. Mwenye zahanati akaandika "safi" kwenye majibu yake, akamwambia arudi kulima. Shangazi alimpeleka mzee hospitali mwenyewe, akafukuzwa kazi.

Nilimwuliza kama hakuwahi kuona kinyaa.

"Mkojo ukikugusa unanawa tu, mwanangu. Kinyaa nilikiona yule bwana alipoandika 'safi'."