Mahali pa Kuvujia

Maji ya mama yalianza kunuka, na sikujua yaliuokota wapi huo uvundo. Mama alikuwa na kibanda cha maji Mashimoni, tangi moja jeusi na koki yake, na hilo tangi ndilo lililotulisha. Harufu yenyewe haikuwa ya kila siku, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Leo maji yanatoka safi hata ungemnawishia bibi harusi. Kesho mteja anainama kwenye mtungi, ananusa, anamwaga yote mbele ya mama.

"Aki mathe, hii maji imeoza," mmoja alisema. "Mtoi wangu tumbo inamuendesha tangu jana. Mimi sirudi hapa."

Hakurudi, wala wenzake. Tuliona wakitupita na mitungi yao kwenda vibanda vya mbele. Hali ikiendelea hivyo, tungefunga.

Wakati huo nilikuwa nasomea kompyuta kwenye stendi ya Kawangware 56, katika chumba kimoja juu ya saluni. Mwalimu wetu alikuwa na wimbo mmoja tu: shida ikikushinda, ichore. Visanduku viwe hatua, mishale iwe njia. Basi nikachukua chaki, nikachora kwenye mabati ya kibanda: bomba kubwa la barabarani, tawi letu, mtaro wa majitaka ambao tawi hilo lilipitia, tangi, koki, mtungi. Mishale yote ilielekea kwetu. Nilijiona mhandisi, nikasahau kwamba sijawahi kushika hata spana.

Nikaenda kunusa kisanduku kimoja kimoja. Barabarani, maji safi. Tangini, uvundo. Kwa hiyo shida ilikuwa mtaroni, na kweli nilikuta tundu hapo, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Lakini maji yalikuwa yakiruka kutoka tunduni kwenda nje, tena kwa nguvu. Uchafu ungeingiaje mahali maji yanatoka? Niliufuta mchoro, nikauchora upya, ukanikodolea macho vilevile. Nikamuuliza mama kuhusu ule mpira.

"Hiyo ni ya kitambo, wachana nayo," alisema, akaanza kuosha mtungi ambao tayari ulikuwa safi.

Nilirudi mtaroni siku ambayo maji yalipotea mtaa mzima. Povu la sabuni lilikuwa likielea juu ya majitaka, na nilipolitazama niliona likisogea polepole hadi kwenye ule mpira, likanywewa. Kumbe bomba likiisha maji huvuta! Mshale wangu ulikuwa na kichwa kimoja, na ulihitaji viwili. Nilikimbia kwa mama nikipiga kelele kwamba tubadilishe kile kipande leo hii.

Mama hakufurahi. Alikaa juu ya mtungi, akaniambia tundu lile alilitoboa yeye mwenyewe.

Ng'ambo ya mtaro aliishi nyanya mmoja mjane, mtu wa Kitui, ambaye hakupokea cha bure. Mama alishawahi kumpelekea maji, mtungi ukarudishwa umejaa. Lakini kwetu Mashimoni maji yanayovuja mtaroni hayana mwenyewe. Anayetaka hukinga, na hashukuriwi mtu. Ndipo mama akatoboa bomba lake, akalifunga nusunusu, na nyanya akawa anakinga kila asubuhi bila kumwinamia yeyote.

"Sasa hapo kwa hiyo mchoro yako," mama aliniuliza, "yeye ako wapi?"

Sikuwa na kisanduku chake. Nilikasirika, na hata sikujua namkasirikia nani. Watoto wa watu walikuwa wameugua kwa sababu ya wema, na mimi huo wema sikujua niuweke wapi.

Nilichora tena. Baada ya tangi hakuna mtaro, hakuna kitakachovutwa. Basi mvujo uhamie huko. Tukaweka kipande kipya mtaroni, tukaosha tangi, nikalegeza koki mpaka ikawa inachuruzika. Kwenye mabati kila kitu kilikaa sawa. Wateja wakaanza kurudi.

Asubuhi moja nyanya alifika mtaroni, akalipapasa bomba jipya, likamwacha na mkono mkavu. Akapanda hadi kibandani. Mama alijifanya anapanga mitungi.

"Koki yenu inavuja," nyanya alisema.

"Ee, shosho, fundi hajapatikana. Inamwagika tu. Si ukinge?"

Nyanya aliweka mtungi wake chini. Moyo uliniruka kwa furaha. Kisha akachana pindo la leso yake, akaizungushia ile koki, akakaza kwa vidole na meno mpaka hata tone halikupita.

"Nimewazibia," alisema. "Msipoteze maji, nyinyi ni watu mnauza."

Akainua mtungi wake mtupu, akaenda zake. Mama alinigeukia kana kwamba mimi ndiye ningejua la kufanya, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye.