Sukari Iliyolainishwa Mdomoni

Kwenye kliniki ya meno ya mji wao mdogo, bondeni Fergana, Mavluda alikuwa moto wa kuotea mbali. Miaka kumi na mmoja alimsaidia daktari kung'oa meno ya watoto, na mama aliyeleta mtoto mwenye meno meusi alikiona cha mtema kuni.

"Mdomoni mwako mna bakteria, dada! Wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inatoboa jino. Ukilamba kijiko cha mtoto, umemhamishia jeshi zima!"

Nyumbani alikuwa bubu. Mke wa mwana hamjibu mama mkwe. Aliinama, akamimina chai. Na mama mkwe, Bibi Hojar, alikuwa na mtindo wake wa kubembeleza wajukuu. Alivunja kipande cha novvot, sukari ya mawe, akakinyonya mwenyewe mpaka ncha kali ziishe, akakifunga kwenye kitambaa safi, akampa mtoto anyonye. Mapenzi matupu! Bibi mwenyewe alibakiwa na meno matano, yote mabovu.

Nilufar, mjukuu wa kwanza, alilelewa hivyo. Mavluda aliona, akanyamaza. Mtoto alipofikisha miaka minne, Mavluda alimshika kichwa kwa mikono yake mwenyewe, daktari aking'oa meno manne ya mbele. Hasira yake aliimalizia kwenye kusugua masufuria.

Sasa mdogo wake Nilufar, Umid, akaota jino la kwanza. Bibi kwa furaha akatia kipande mdomoni mwake, akakitoa kimelainika, akakifunga kitambaani. Mavluda akatua birika kwa kishindo.

"Mama, usimpe."

"Unasemaje wewe?"

"Nasema usimpe! Unamlisha uozo wako!"

"Ala! Mumeo nilimlea hivi hivi. Kwani kafa?"

"Hajafa. Meno yake yako wapi? Si dhahabu mdomo mzima!"

Akamnyang'anya kitambaa, akakitupa jikoni motoni. Bibi alibaki mikono mitupu. Mavluda aliwaka hasira, na hasira ile ilikuwa tamu. Hata akifukuzwa leo, potelea mbali.

Nilufar alikuwa ameketi kando ya ukuta, akiwatazama.

"Mama, na mimi bibi alinipa?"

"Alikupa."

"Uliona?"

Mavluda alitazama lile pengo la meno ya mbele kinywani mwa binti yake.

"Niliona."

"Mbona mimi hukunitetea?"